Kinu Kitupu cha Mvumoni

Kwa wanaoniuliza mpaka leo kwa nini niliacha kliniki ya Bagamoyo siku nne nzima, jua la kaskazi likiwaka, nikaenda kuzurura upande wa Saadani, sababu ni barua moja. Niliipata Jumatatu asubuhi, foleni ya akina mama imefika barazani, nami nimeshagombana na watu watatu. Aliileta Mzee Athumani, dereva wa lori la chumvi. Aliiweka juu ya meza yangu akatoka bila hata kuniuliza hali, na hiyo si kawaida yake.

Barua ilisema hivi:

"Kwa Bi Zuhura wa kliniki. Salamu nyingi. Yule mtoto wetu Hidaya uliyesema anasikia, mama yangu anasema si mtoto wetu, ni wa wenyewe. Alhamisi atampeleka ng'ambo ya mto kwa mtu wa kumrudisha, akae huko siku arobaini bila mama yake. Mke wangu hali chakula, halali usingizi. Njoo useme mbele ya mama ulichosema siku ile, au useme vingine. Mimi Baba Hidaya, Mvumoni."

Sisi watu wa pwani tukisema "wenyewe" hatuna haja ya kutaja jina la majini. Niliisoma barua mara mbili. Siku arobaini bila ziwa, mtoto wa miezi kumi! Nimekuwa muuguzi miaka ya kutosha kujua kwamba mtoto wa namna hiyo akipelekwa harudi.

Na nilimkumbuka vizuri. Mama yake, Mwanaidi, ni binti wa hapa hapa Bagamoyo aliyeolewa huko kwenye chumvi. Alikuja kwao kupumzika baada ya uzazi, akamleta mtoto kliniki akiwa na miezi minne. Akasimama mbele ya meza yangu akasema kwa sauti ndogo, "Bibi, mwanangu hasikii." Nani asiyelijua neno hilo? Mtoto akikataa kutumwa dukani, hasikii. Mume akiambiwa aache ulevi akaendelea, hasikii. Mimi nami mdomo wangu haujui kukaa. Nikamwambia, "Miezi minne tu keshaanza kutosikia? Mwambie asiyesikia la mkuu huvunjika guu!" Foleni nzima ikacheka. Yule binti hakucheka. Akarudia, "Hasikii, bibi." Basi nikamlaza mtoto juu ya meza, nikachukua bakuli la bati, nikaligonga mezani nyuma ya kichwa chake. Mtoto akashtuka, akageuza macho. "Huyu anasikia kuliko mimi," nikasema, nikaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa: ANASIKIA. Mwingine!

Sasa barua inaniambia niende nikaseme nilichosema. Nikaomba ruhusa kwa mganga mkuu wa kliniki, nikafunga mfuko: pamba, kijiko, kanga mbili, na bakuli lile lile la bati.

Jumanne, baada ya sala ya alfajiri, nilipanda lori la Mzee Athumani likirudi tupu. Hakuna njia ya mkato kwa gari. Tulizunguka Msata, tukavuka Wami kwenye daraja la juu, tukashika njia ya Mandera na Miono. Vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye meno. Kwa kawaida mzee huyu husema njia nzima, mpaka unamwomba anyamaze. Siku hiyo alikuwa anatazama mbele tu.

"Unakwenda kufanya nini Mvumoni?" aliniuliza mwisho. "Hakuna watu kule. Wote walihamishiwa Mkange wakati wa vijiji. Wamebaki wa chumvi tu, nyumba mbili tatu."

"Nakwenda kwa Baba Hidaya."

Akabadilisha gia. Kisha akasema, "Yule mtoto ananijua, Bi Zuhura. Wallahi! Nikija na lori, hata kona sijakata, watu pale uani hawajasikia kitu, yeye keshageukia barabara. Bibi yake aliponiambia nilisema uzushi. Siku moja nikamwachia lori mwenzangu, nikatangulia kwa miguu, nikakaa uani kumtazama. Amelazwa chini kwenye mkeka. Akageuza kichwa, akacheka. Mimi masikio yangu mazima, sijasikia hata nzi. Nikahesabu pole pole mpaka hamsini ndipo injini ikasikika."

"Na akiitwa jina lake?"

"Jina lake? Uite mpaka koo likauke. Hata kope hapepesi." Akatema mate dirishani. "Siku hizi napita njia ya juu."

"Makubwa! Mwanamume mzima na masharubu yako, unamkimbia mtoto wa ziwa!"

"Cheka tu," alisema. "Utaniambia kesho kutwa."

Nilicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba anasikia.

Alasiri tulifika Mkange, nikapokewa na Bi Mwanahawa, mkunga wa pale, mama mnene mwenye maneno ya Kizigua ndani ya kila sentensi. Ndiye aliyempokea Hidaya duniani. Alinitilia wali na mchuzi wa kunde, akakaa ananitazama nikila.

"Mtoto alizaliwa salama," aliniambia. "Nilimwosha, nikampa babu yake. Babu akamwadhinia sikio la kulia, akamkimia la kushoto, kama desturi. Sauti yake nzuri yule mzee, majirani walisimama njiani kusikiliza. Mtoto yu kimya tu, macho juu. Siku ya saba, kabla ya kumnyoa nywele, babu akafa. Hakuugua. Aliketi kunywa chai akaegemea ukuta."

"Kifo ni cha Mungu, Bi Mwanahawa."

"Nani kakataa? Lakini bibi mtu ana akili yake. Anasema mumewe alimwadhinia asiyekuwa mtu, na adhana ikamrudia mwenyewe." Akanisogezea maji ya kunawa. "Ukifika kule, usimtazame sana machoni. Anakutazama mdomo, yule. Anakutazama mdomo kama anataka kuuchukua."

Jumatano asubuhi Mzee Athumani alinishusha njia panda. Akanionyesha kwa kidole mivumo kadhaa, ile minazi ya porini yenye tumbo, iliyosimama mbali kwenye mbuga. "Fuata hiyo. Mvumoni ndiyo pale. Mimi sifiki." Akaniachia chupa ya maji, akaondoka.

Nilitembea karibu saa mbili. Upande wa kulia yalikuwa mashamba ya chumvi, meupe, yakimeta mpaka macho yanauma, wala hapakuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Kumbe jua likipanda wafanyakazi hurudi vibandani. Kisha zikaanza nyumba. Milango imeng'olewa ikaenda Mkange na wenye nyumba, makuti yameanguka ndani, na juu ya vizingiti bado ipo namba iliyoandikwa kwa chaki wakati wa kuhesabu kaya. Mama yangu alinifunza kutopita nyumba ya mtu bila hodi, na tabia ni ngozi. Nilipofika ya kwanza nikajikuta nimesema, "Hodi!" Bila shaka hakuna aliyejibu. Ya pili, hodi. Nikajiona mjinga, lakini niliona vibaya zaidi kupita kimya. Ya tatu niliposema hodi, kitu kikajibu.

Du. Du. Du.

Kilitoka chini. Nilikisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Ulikuwa mchi, na mwanamke yeyote aliyekulia jikoni ataniambia kama nasema uongo: kinu chenye nafaka kina mlio wa kushiba, na kitupu kinalia kikavu. Hiki kilikuwa kitupu. Na kinu kitupu hakitwangwi. Tuliambiwa tangu utoto kwamba ukitwanga kinu kitupu unaita njaa nyumbani, au unawaita wasioitwa. Tena saa saba, jua la utosi, saa ambayo hata kuku huingizwa kivulini. Nikasoma Ayatul Kursi mpaka mwisho, nikairudia. Kisha nikasema, Zuhura, mama huyu alikuja kwako ukamcheka, leo unataka kugeuza? Nikaenda.

Uani kwa nyumba ya mwisho alikuwako mwanamke, amenipa mgongo, anatwanga. Hatua chache mbele yake mtoto alikuwa ameketi mchangani, naye ametazama kwingine, anachezea kifuu. Mwanamke akapiga mchi mara moja. Mtoto akageuka. Mwanamke akaacha mchi, akagusa kipini cha puani, akafungua mikono, na mtoto akaja akitambaa huku anacheka. Yote haya bila neno.

"Hodi!" nilisema. Mwanamke aliruka nusura aangushe mchi. Mtoto hakutikisika. "Hodi wenyewe!" nikasema kwa sauti ya kuamsha waliolala. Mtoto anachezea kanga ya mama yake. Nikachoka, nikautupa mfuko wangu chini, na bakuli likagonga ardhi. Pale pale mtoto akageuka akanitazama. Akanitazama mdomo.

Nywele zilinisimama, sioni haya kusema.

"Karibu, bibi. Shikamoo," Mwanaidi alisema, anahema.

"Marahaba, mwanangu. Unatwanga nini saa hizi?"

"Sitwangi kitu. Namwita mwanangu."

Aliniketisha kivulini akanieleza, na mimi kwa mara ya kwanza nilimsikiliza. Aliona jambo hilo alipokuwa anatwanga mpunga. Mtoto akilala, mbuzi wakilia sikioni mwake haamki, lakini mchi ukianza anafumbua macho. Akajaribu bila mpunga. Akajaribu kwa kisigino, akajaribu kwa kiganja ukutani. Akajua kwamba mwanawe anasikia kwa mwili, kama vile mtu anavyosikia baridi. Hakuna aliyemfundisha. Lakini mavyaa wake, Bi Kidawa, mama wa mumewe, aliposikia kinu kitupu kinalia mchana, akawa hana shaka tena.

"Nikimwita kwa kinu, mama anasema nawaita wenyewe," Mwanaidi alisema. "Nikiacha kumwita, nani atamwita?" Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, kwa hasira.

Nikatoa bakuli. Nikalishika hewani nyuma ya sikio la Hidaya, nikaligonga kwa kijiko mpaka masikio yangu yakapiga kelele. Mtoto anakula mchanga. Sikio la pili, vile vile. Nikaliweka bakuli chini nikaligonga. Akageuka. Ndipo nilipoiona ile meza yangu ya kliniki, mtoto amelala juu yake, nami napiga meza ile ile kwa mbwembwe zote. Uso uliniwaka.

"Mwanaidi, uliniambia kweli nami nikakucheka."

"Nilijua, bibi."

"Mbona hukurudi?"

"Kadi ilisema anasikia. Nani ataniamini mimi aiache kadi?" Akaingia ndani akaileta. Ilikuwa imefungwa ndani ya nailoni, safi. "Baba yake alimwonyesha mama kadi hii, amtulize. Alidhani itatusaidia. Mama akasomewa, akasema: haya, nesi wa serikali kaandika anasikia. Basi anasikia, ila si sisi."

Jamani! Mdomo uliponza kichwa, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mwenzangu. Kama si kadi yangu, yule bibi angebaki na wasiwasi tu. Mimi ndiye niliyempa ushahidi.

Tulipokuwa bado tumeketi, Hidaya akageukia ua. Hapakuwa na mtu. Akatazama tu, bila kupepesa, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuona mambo kati ya makuti. Muda ukapita. Ndipo Bi Kidawa akaingia, anachoma ardhi kwa mkongojo wake kila hatua.

Nilitarajia mwanamke mkali. Alikuwa kikongwe mwembamba, mpole, kanga nyeusi ya kufiwa, macho mekundu. Nikampa shikamoo, akaitika, akaniuliza habari za Bagamoyo mtaa kwa mtaa, nani kaoa, nani kafa. Kisha akasema kwa utulivu, "Umefika vizuri, mwanangu. Kesho tunamrudisha. Nami nampenda, usidhani simpendi. Ndiyo maana nataka wa kwetu arudi, popote walipomweka."

Baba Hidaya alirudi kutoka kwenye chumvi, miguu myeupe mpaka magotini. Kijana wa watu, alinishukuru kwa kuja. Kabla hajanawa alimfuata mwanawe, akasugua vidole vyake mbele ya uso wake kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu. Mtoto akasugua vidole vyake pia. Hiyo ndiyo ishara ya baba. Ya mama ni kipini. Ya bibi hakuwa nayo, maana bibi hakumkaribia.

Magharibi, watu wametawadha, mtoto aliacha kucheza. Alilala kifudifudi, kiganja na shavu juu ya ardhi, uso umeelekea porini. Hakulia. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Umeona?" Bi Kidawa aliniambia kwa sauti ya chini. "Sasa nani anakuja?"

Tukangoja. Hakuja mtu. Upepo ulikuwa umekufa kabisa, hata mivumo haivumi. Nitasema ukweli: usiku ule nililala nimejifunika gubigubi na joto lile lote.

Alhamisi kulipokucha tulikuta nyayo za ndovu nyuma ya choo, upande ule aliokuwa ameuelekea mtoto, zimepita pole pole, hazikuvunja hata ua. Baba Hidaya alinionyesha, pana kama sinia. Bi Kidawa akazitazama. Alikuwa tayari amevaa, na kanga ya kumbebea mtoto iko begani. Mwanaidi alikuwa ameketi kizingitini, amempakata Hidaya kwa mikono miwili, hajibu salamu ya mtu.

Sikuwa na dawa mfukoni, wala maneno ya kitabu. Nikapiga magoti mbele ya yule kikongwe.

"Bibi, mimi ndiye niliyeandika ile kadi, na niliandika uongo. Sikuujua, lakini ni uongo. Mtoto huyu masikio yake hayafanyi kazi. Ni kiziwi. Si wa wenyewe, ni wa Mwanaidi na mwanao. Nipe muda wa kusonga ugali tu, kisha fanya utakalo."

Akafikiri. "Haya," alisema.

Nikamziba bibi masikio kwa pamba, nikamfunga kanga kichwa kizima, masikio na macho. Nikamketisha chini, viganja juu ya mchanga. Nikamwita jina lake, sauti ya kawaida. Kimya. Baba Hidaya akamwita mama, mama. Kimya. Nikampa Mwanaidi ishara, akashika mchi, akapiga mara moja.

Bi Kidawa aliinua kichwa kuelekea kinu.

Nikamfungua. "Umesikia nini, bibi?"

"Nimesikia kinu."

"Kwa masikio?"

Akatazama viganja vyake, mchanga umeganda. Akatazama zile nyayo nyuma ya choo. Aliposema, sauti yake ilikuwa imevunjika.

"Basi adhana je? Mume wangu alimwadhinia. Ndilo neno lake la mwisho la maana duniani, alilipeleka kwenye sikio la huyu, na huyu hakulipokea. Mtoto asiyesikia adhana ni wa nani?"

Aliyejibu hakuwa mimi. Baba Hidaya alimchukua mtoto mikononi mwa mkewe. Akavua shati, akasimama na miguu yake yenye chumvi, akamlaza kifuani, shavu la mtoto kwenye koo lake na kiganja chake kidogo juu ya mbavu. Akaelekea kibla. Akaadhini.

Ana sauti ya baba yake, walisema baadaye. Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Kwenye takbiri ya kwanza aliacha kuhangaika na miguu. Ya pili, akafumbua macho makubwa. Kisha akausogeza mdomo wake, akaubandika kwenye koo la baba yake, akatulia hapo mpaka neno la mwisho. Na adhana ilipokwisha, katika kimya kile, Hidaya akatoa sauti. Ilikuwa sauti moja ndefu, nzito, isiyo na herufi, na mkono wake umerudi kwenye kifua chake mwenyewe, anaitafuta.

Mwanaidi alilia kwa sauti. Mimi nami nililia, na nani hakulia?

Bi Kidawa aliiteremsha ile kanga begani, akaikunja. "Mpeni mtoto mama yake, ana njaa," alisema. Kisha akainuka kwa mkongojo, akaenda kwenye kinu, akashika mchi kwa mikono yake miembamba, akautwanga mara moja, kitupu. Mtoto akageuka akamtazama. Yule bibi akajipiga kifuani. "Ni mimi," alisema. "Ni mimi, bibi yako."

Siku ile nzima tulikaa na ile kadi. Nilifuta neno langu, nikaandika kwa nyuma yale waliyoniambia wao: kipini ni mama, kusugua vidole ni baba, mkono kifuani ni bibi, aitwe kwa kinu au kisigino, asemeshwe uso kwa uso mahali penye mwanga, apakatwe kifuani mtu anaposoma au kuimba. Niliwaeleza pia kwamba zipo shule za watoto viziwi, na wakati ukifika nitaulizia. Lakini hayo mengine sikuwafundisha mimi. Mimi niliandika tu.

Ijumaa asubuhi Mwanaidi alinisindikiza mpaka njia panda, Hidaya mgongoni. Tulipita zile nyumba zisizo na milango. Sikuita hodi safari hii. Tulipofika ile iliyojibu hodi yangu, mtoto aligeuka ghafla mgongoni mwa mama yake, akaielekea ile nyumba tupu, akatazama mlango usiokuwepo. Akacheka. Akanyoosha mikono kama anayetaka kubebwa.

Tulisimama. Kinu cha Mwanaidi kilikuwa nyumbani kwake, nyuma yetu, nacho kimya. Nilivua kiatu kimoja, nikaukanyaga mchanga kwa unyayo mtupu. Nilisikia kitu. Kidogo sana, na mbali.

"Ndovu," Mwanaidi alisema.

"Ndovu," nikasema. Tukaongeza mwendo, wala hakuna aliyegeuka kutazama nyuma. Mzee Athumani nilipomweleza, naye alisema ndovu, kisha akaniuliza mbona nimevaa kiatu kimoja.

Nimejifunza nini? Nimejifunza kwamba mama akikwambia neno juu ya mwanawe, unalipokea kwanza, hata kama unalijua tangu utotoni. Jumatatu iliyofuata nilikuwa mezani pangu. Nilikuwa nimetandika godoro juu ya meza, ili mtikisiko usimfikie mtoto. Akaja mwanamke mmoja wa Kaole, mtoto mgongoni, akasema kwa haya, "Bibi, huyu wangu naona hasikii." Foleni ikaanza kucheka, maana walinizoea, wananingoja niseme langu.

Niliweka kalamu chini.

"Hasikii nini, mwanangu?" nikamuuliza. "Keti unieleze."